Sumu Ambayo Haikuwamo

Mara ya kwanza nilipokuwa na hakika kwamba ninakufa, nilikuwa kwenye mstari wa sadaka. Kanisani kwetu Butembo sadaka haipitishwi vitini. Unaipeleka mwenyewe mbele, akina mama kwanza, mnacheza taratibu huku kwaya ikiimba, na mwenye kitenge kipya huchukua muda mrefu zaidi kufika. Nilikuwa katikati, mbele yangu migongo, nyuma yangu vifua. Moyo ukaanza kwenda mbio bila sababu. Vidole vikafa ganzi, koo likajifunga, macho yakaona giza pembeni. Nikaangusha sadaka sakafuni, nikawasukuma mama wawili na heshima zao, nikatokea mlango wa kwaya na kuketi kwenye nyasi nikingoja kufa. Sikufa. Wimbo ulipokwisha nilikuwa mzima, nimelowa jasho na nimejaa hasira.

Mama mmoja wa kikundi cha maombi alinifuata, akasimama juu yangu akitabasamu.

"Ni Nyamuhanga njo anakugusa, Mama," alisema, akimtaja Mungu kwa jina la kwetu.

Nilimjibu kwamba Mungu akitaka kunigusa anaijua nyumba yangu, si lazima anivizie mbele za watu. Hakucheka. Watu wa maombi hawachekagi.

Niseme mapema mimi ni mtu wa aina gani, ili nisije nikahurumiwa bure. Nauza vitenge. Huku kwetu mtu hupimwa kwa kazi, na asiye na homa wala jeraha lakini anasema anaumwa, tunamwita mvivu, tena mbele yake. Watu walipokimbia mauaji upande wa Oicha na kuja kukaa katika mitaa yetu, nilimwona mwanamke mmoja akitetemeka kwa sababu sufuria imeanguka. Niliwaambia majirani kwamba apewe jembe, atapona. Nilisema hivyo kwa sauti, na alikuwa karibu. Basi ugonjwa uliponishika mimi, sikuwa na jina la kuupa isipokuwa uvivu, na mvivu sikuwa.

Ulirudi. Ulinishika kwenye foleni ya benki, ukanishika kwa msusi nikiwa na nywele zimesukwa nusu, nikalazimika kutembea mjini na kichwa cha aibu. Nikaanza kupanga maisha kuuzunguka. Kanisani nikakaa kiti cha mlangoni. Msusi nikamwacha. Misibani nikapeleka salamu na sikukanyaga. Kila mahali nilipoingia, kwanza nilitafuta pa kutokea. Mume wangu alikuwa kwenye biashara yake ya viazi Alimbongo, na huyo hurudi anapotaka, kwa hiyo hakuona kitu. Hata angekuwapo asingeona.

Aliyeona ni mwenzangu wa sokoni. Tulikuwa na meza moja, upande wake na upande wangu, kwa miaka mingi. Yeye Mkatoliki, mimi Mprotestanti, yeye mjane, mimi na mume wa viazi. Alinizidi upole, na sikumpenda sana kwa hilo, lakini kila asubuhi alikuja na termosi ya chai na vikombe viwili. Moyo uliponiruka, ni yeye aliyewahudumia wateja wangu huku mimi nimejificha nyuma ya marobota.

"Yaya, enda ku hospitali," alisema, akiniita dada kama kawaida yake. "Hii hapana kitu ya kucheza."

Nilikwenda maabara, kwa sababu hospitali ni mbali na maabara iko kona ya mtaa. Maabara ile ina majibu mawili, malaria na typhoïde, yaani homa ya matumbo, na mtu wa heshima hupewa yote mawili. Kijana aliyenitoa damu hakuniuliza chochote. Alirudi na karatasi imeandikwa misalaba.

"Mama, uko na typhoïde. Na malaria kidogo."

"Mimi ni moyo njo inaruka."

"Typhoïde njo inarusha moyo," alisema, bila kupepesa macho.

Nikatundikwa serum, chupa ya maji ya mshipani. Kwetu serum ni dawa ya kila kitu, hata ya uchovu wa harusi. Ndugu walikuja wakakaa kitandani, wakala walichoniletea, wakasimulia vifo vya watu waliokuwa na dalili kama zangu. Wiki iliyofuata moyo uliruka vilevile. Nikarudi, nikakutwa na typhoïde nyingine. Mwenye duka la dawa naye akanifungia vidonge vya usingizi kwenye karatasi ya daftari, na hivyo, kusema kweli, vilisaidia. Vilisaidia mpaka nikawa nakata vitenge nimelala wima. Bila kidonge sikutoka tena nyumbani. Hakuna aliyeniambia kwamba huo nao ulikuwa ugonjwa wa pili, na aliyeniuzia alikuwa na furaha kuniona kila Jumatatu.

Kisha akina mama wa maombi wakanipeleka chumba chao cha maombi. Nilifungishwa siku tatu bila chakula wala maji. Siku ya pili nikaanguka, na wale mama wakashangilia kwamba pepo anatoka. Mtu mzima ananyimwa maji siku mbili, anaanguka, na watu wazima wanapiga vigelegele. Niliwadharau kwa moyo wangu wote nikiwa chini pale sakafuni, ila sikuwa na nguvu za kuwaambia.

Hapo ndipo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alipoitisha kikao cha familia. Huyu ni mtu anayevaa koti kwenda kununua chumvi. Aliwakalisha watu sebuleni kwangu, akakunja mikono, akatoa hukumu.

"Typhoïde hapana inakamataka mutu miezi yote hii. Na maombi imeshindwa. Donc, huyu balimulisha kitu."

Watu wote wakaguna kwa kuridhika. Ni lazima niieleze raha ile, maana bila kuijua hutaelewa kilichofuata. Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na kwetu sumu si aibu. Sumu maana yake umefanikiwa mpaka watu wamekuonea wivu. Mtu akifa kwa sumu, familia husimama wima msibani. Akiugua kichwa, familia nzima inainamisha macho. Shemeji hakuwa amenipa ugonjwa tu, alikuwa amenipandisha cheo. Na mimi, ninayejiona mjanja kuliko wote, nilijisikia vizuri pale kwenye kiti changu.

Walinipeleka kwa mganga pembeni mwa mji. Alininywesha maji ya majani, nikatapika kwenye beseni. Kisha akachokora matapishi kwa vidole na kuinua kipande cheusi, mfano wa nyama iliyoungua. Shemeji akapiga ukelele. Mimi nilikuwa nimemkazia macho mganga, kwa sababu mfanyabiashara hutazama mikono ya mtu, na nilikiona kile kipande kikitoka kwenye mkono wa shati lake. Nilikiona kabisa. Isitoshe, tangu jana yake nilikuwa nimekunywa uji mtupu.

"Nani anakupatiaka kitu ya kunywa asubui?" aliniuliza mganga.

Ningeweza kusema hakuna. Ningeweza kusema nimeona mkono wa shati. Lakini nilikuwa nimechoka kuitwa mgonjwa wa bure, na mbele yangu palikuwa na jibu ambalo kila mtu alilipenda.

"Mwenzangu wa ku soko," nilisema. "Chai."

"Basi," alisema mganga, akanawa mikono.

Sikusema amenipa sumu. Kwa miezi nilijitetea hivyo, kwamba niliulizwa swali nikalijibu. Ni utetezi wa kitoto na nilijua ni wa kitoto.

Shemeji alilitangaza sokoni kabla hata sijapata nafuu ya kutapika. Siku ya pili asubuhi walikuja vijana wanaojiita walinzi wa soko. Walimwaga chini vitu vya meza yetu, upande wake tu, kwa uangalifu mkubwa, wasichafue vitenge vyangu. Watu wakakusanyika. Walianza kuimba lile neno, muchawi, muchawi, wakipiga mabati. Mwenzangu alisimama katikati yao, termosi bado mkononi, akanitazama.

"Yaya, sema! Baambie! Hata na miye ninakunywaka ile chai!"

Ilikuwa kweli. Vikombe viwili, termosi moja, kila siku. Hata mtoto angeweza kufanya hesabu hiyo.

Natamani ningeandika hapa kwamba nilishikwa, kwamba koo lilijifunga nikashindwa kusema. Watu wangenielewa. Lakini siku ile moyo wangu ulitulia kabisa, mikono yangu ilikuwa mikavu, na nilikuwa na sauti ya kutosha soko zima. Niliinamia marobota yangu nikajifanya ninakunja kitambaa.

Chef wa mtaa, kiongozi wetu, alimtoa pale akimfunika kwa koti lake mwenyewe. Mawe yalirushwa kwenye bati la nyumba yake mpaka jioni. Kesho yake alihamia Beni kwa dada yake, na mimi nikabaki na meza nzima.

Jumapili iliyofuata, kwenye kiti changu cha mlangoni, bila chai ya mtu yeyote tumboni, moyo uliruka kuliko siku zote.

Beni nilikwenda kwa ajili ya mzigo wa vitenge wa mteja. Barabara ile kila mtu anaijua. Kuna vipande ambako magari yamechomwa na wenye silaha, na gari likifika hapo watu wote wananyamaza, hata dereva anazima muziki. Mimi nililala. Tulipofika Beni salama, abiria wakamshukuru Mungu, nikashuka nikaingia dukani kwa mteja, duka safi lenye feni, na humo ndimo nilipoanguka. Mwenye duka hakuwa mtu wa mashauri. Alinipakia kwenye pikipiki akanipeleka kituo cha afya.

Walinipima typhoïde, haikuwapo. Walisikiliza moyo, wakapima damu na sukari, wakanishika shingo kutafuta kama kuna tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Kisha daktari akanipeleka chumba cha mwisho cha ukumbi, kwa psychologue, mtaalamu wa mambo ya akili. Alikuwa msichana mwenye kandambili, wa kuzaliwa na mimi. Nilimwambia kabla sijaketi kwamba mimi si mwendawazimu.

"Sisemi vile, Mama. Ku njia ya kutoka Butembo, ulisikia woga?"

"Hapana. Nililala."

"Basi ni wapi njo unasikiaka?"

"Mu kanisa. Ku soko. Kwa kusuka nywele."

"Na kule kuko hatari gani?"

Nilihesabu hatari za kwa msusi, nikafika sifuri. Aliningoja. Alikuwa na subira ya kuudhi.

Alinieleza kwamba huku kwetu karibu kila mtu anaogopa, na anayeogopa penye hatari haumwi, ana akili. Wapo walioona mauaji na miili yao bado iko kule walikoyaona, na hao wana matibabu yao. Wangu ulikuwa ugonjwa wa wasiwasi. Mwili ulipiga kelele pasipo na adui, kama mbwa anayembwekea mwenye nyumba. Kisha nikaanza kuiogopa hofu yenyewe, nikawa ninakimbia, na kila nilipokimbia niliufundisha mwili kwamba kweli palikuwa na adui. Alisema unatibika. Alisema pia vidonge vya daftari niviache polepole, si kwa siku moja, na daktari ataniandikia dawa nyingine ambayo haitafanya kitu kwa wiki kadhaa, na nisiitupe.

"Na tena tutajifunza kupumua," alisema.

Nimepita barabara ile ya kifo kuja kufundishwa kupumua! Nilimwambia hivyo. Alicheka vizuri, akanifundisha.

Nilimsimulia basi dawa zangu zote, serum, maombi, mganga na kipande chake. Nilisimulia kwa mzaha, nikiwaiga. Alicheka mpaka nilipofika sokoni.

"Na ule mama, iko wapi sasa?"

"Sijui," nilisema, ingawa dada yake nilimjua, na mtaa niliujua. Aliandika kitu. Niliichukia kalamu ile.

Sitasimulia miezi yote. Kila baada ya wiki mbili nilipanda gari kwenda Beni. Tuliandika mahali ninapopakimbia, kuanzia pepesi, na nilitakiwa kwenda na kukaa mpaka moyo utulie wenyewe. Nilianza kwa msusi. Nililia kwenye kiti chake, yeye akidhani ananivuta nywele. Mara ya tatu sikulia. Kanisani nilisogea kiti kimoja kimoja kutoka mlangoni kama mtu anayechumbia. Niliona aibu kwamba jambo dogo hivyo linafanya kazi, lakini lilifanya. Siku moja nilipeleka sadaka mbele na kurudi, na moyo uliruka kidogo ukanyamaza.

Na kila nafuu yangu ilikuwa ushahidi. Kama kupumua kunaniponya, basi hapakuwa na sumu. Nilikunywa dawa asubuhi na kumkumbuka yeye, na wakati huo yeye alikuwa bado muchawi sokoni kwetu. Vijana wale walishaanza kumtolea mfano kwa wengine.

Niliitisha kikao mwenyewe safari hii. Shemeji alikuja na koti. Nilisema nilichoambiwa Beni.

"Donc unataka tuseme uko fou?" alisema. "Juu ya ule mama? Batoto bako, nani atababeba mu ndoa? Batu batasema familia yetu iko na kichaa. Acha ile sumu ibakie sumu."

"Haikuwa sumu. Niliona mganga akiitoa mu shati."

Alitazama mlango, akatazama tena mimi. "Hata miye niliona," alisema taratibu. "Sasa?"

Sikuwa nimetegemea hilo. Nilikuwa nimemdharau kwa ujinga miezi yote ile, na kumbe hakuwa mjinga. Tulikuwa wawili tuliokaa kwenye benchi moja tukaona kitu kimoja, na tofauti yetu ilikuwa koti.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama. Moyo ulianza kabla sijafika mbele, koo likajifunga, nami nikakaa nao pale kama nilivyofundishwa, watu wakingoja, mpaka sauti ikatoka. Nilisema mwenzangu hakunipa sumu. Nilisema nina ugonjwa wa wasiwasi na ninautibu. Nilisema nilijua siku ileile kwamba ni uongo na nilikunja vitambaa. Hakuna aliyesema amina. Kiongozi wa kwaya aliwainua waimbaji haraka, wakaufunika ushuhuda wangu kwa wimbo wa shangwe. Kutoka nje, mama wa maombi alinikwepa. Sokoni wawili watatu walisema walijua tangu mwanzo, wale wale waliopiga mabati.

Kisha nikaenda Beni, kwenye nyumba ya dada yake. Alifungua mlango kiasi cha uso tu. Nilimwambia yote, nimesimama uani. Hakunikatiza.

"Kumbe uliona," alisema mwisho.

"Niliona."

Kikundi cha wasichana kilipita barabarani kikicheka. Aliruka nyuma, akaufunga mlango, na kwa muda nilisikia pumzi zake nyuma ya mbao, fupi fupi, za mtu anayezama. Nilizijua pumzi zile kuliko jina langu. Dada yake, aliyekuwa akianika nguo, aliniambia bila kunitazama kwamba tangu aje hajafika sokoni hata siku moja. Misa haendi. Watu watatu wakisimama pamoja, anaingia chumbani.

Niliusogelea mlango. Nikamwambia kuna kituo, kuna msichana mpole, kwamba inatibika, kwamba mimi mwenyewe nimepata nafuu. Nilikuwa nikisema haraka, kama ninauza.

"Yako ilikuwa woga ya bure, na banakupatia dawa," alisema kutoka ndani. "Yangu uliileta na mikono yako. Ile dawa yangu, njo wewe utakuja kunionesha? Enda, Mama."

Hakuniita yaya. Nilimwachia dada yake maelezo ya kituo na siku za msichana yule, nikaondoka. Nilirudi Beni mara mbili kwa miadi yangu na sikumwona.

Mara ya tatu nilikuwa nimekaa kwenye benchi la ukumbi, wa kwanza, alipoingia ameshikwa mkono na dada yake. Alikuwa amekonda. Aliponiona alisimama palepale, na kifua kikaanza kupanda na kushuka. Macho yake yalikuwa yakitafuta mlango. Ninajua mtu anavyotafuta mlango.

Moyo wangu nao ulianza. Miezi yote nilifundishwa jambo moja, nisiondoke, nikae mpaka litulie. Nilikuwa nimelijua vizuri na nilijivunia. Ningeweza kukaa pale mpaka kesho. Lakini nikiendelea kukaa, yeye angetoka, na akitoka siku ile asingerudi tena.

Psychologue alifungua chumba chake akaniashiria niingie.

"Muanze na ule mama," nilisema.

Nilichukua mkoba wangu, nikapita upande wa ukuta mbali naye, nikatoka nje. Sikungoja zamu nyingine. Nilikwenda moja kwa moja stendi, nikarudi Butembo bila matibabu, na baadaye nikaomba nibadilishiwe siku, ile ibaki yake.